Uzi maalumu: Maji ya tangi la matumbawe kuwa meupe au kutibuka, chanzo chake na namna ya kuzuia

#1 Mwanzisha uzi, Dar es Salaam

Wakuu, salaam.

Nimeona niuanzishe uzi huu kwa sababu swali la maji kutibuka hurudi kila baada ya muda mfupi, na majibu tunayopeana huwa ya haraka mno: badilisha maji, ongeza chujio, zima taa. Ushauri huo unaweza kuwa sahihi katika tangi moja na ukaua samaki katika tangi la jirani, kwa kuwa weupe tunaouona kupitia kioo ni mmoja, lakini vitu vinavyoelea ndani yake ni tofauti kabisa. Msimamo wangu ni kwamba mtu asitie dawa wala asibadilishe chochote kabla hajajua kinachoelea, isipokuwa jambo moja tu, nalo ni hewa. Hewa iongezwe papo hapo, hata kabla ya kujua chanzo.

Nitaeleza kilichonifundisha. Tangi langu lina lita 380 za maji, na kwa miezi mingi nilikuwa nikitumia siki ya kawaida ya asilimia 5 kama chakula cha bakteria, ili wakue kwa kutumia nitrati na fosfati iliyomo kwenye maji, kisha skima, yaani mashine inayotoa uchafu wa maji kwa povu, iwatoe pamoja na povu hilo. Pampu ndogo ya dozi ilitia mililita chache kila siku, na chupa ya siki niliiweka kwenye rafu iliyo juu kuliko usawa wa maji ya tangi. Mpira wa ndani ya pampu ulipochakaa ukashindwa kubana, siki ikaanza kuteremka yenyewe usiku, na mililita 150 hivi zilizokuwa zimebaki kwenye chupa zikaingia zote kwa mkupuo mmoja. Asubuhi maji yalikuwa safi, na hilo ndilo lililonifanya nisishtuke. Jioni ya siku ya pili sikuweza kuliona jiwe la nyuma. Ilipofika saa tisa usiku, kangaja wangu alikuwa ameegemea ubavu karibu na bomba la kurudishia maji, mapezi yake ya kifuani yakipiga kwa kasi, na samaki wengine wote walikuwa wamepanda juu wakifungua na kufumba midomo kwenye uso wa maji.

Baadaye nilipiga hesabu, na naomba kila anayetumia siki, sukari au pombe kali katika tangi lake aipitie taratibu. Mililita 150 za siki zina gramu 7.5 za asidi. Kuiunguza asidi hiyo yote hadi iwe hewa ya ukaa kunahitaji gramu 8 za oksijeni. Maji ya bahari yenye chumvi 35 kwa elfu na joto la nyuzi 28 hushika takriban miligramu 6.4 za oksijeni kwa lita yakiwa yameshiba, kwa hiyo lita zangu 380 zilikuwa na gramu 2.4 tu. Hata tukikadiria kwamba nusu ya siki iligeuka kuwa miili ya bakteria badala ya kuunguzwa, bado deni lilizidi akiba yote iliyokuwamo, na njia pekee ya kulilipa ilikuwa hewa inayopenya kupitia uso wa maji. Usiku hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa mwani unaoishi ndani ya matumbawe hautoi oksijeni gizani, bali nao hupumua kama samaki.

Nilichofanya usiku ule ni kuelekeza midomo ya pampu zote juu hadi uso wa maji ukachemka, nikatia jiwe la hewa, nikafungua madirisha, na nikaacha skima itoe povu jepesi lenye maji mengi huku nikikimwaga kikombe chake kila baada ya saa chache. Sikulisha kwa siku tatu. Sikubadilisha maji kwa wingi siku ya kwanza, kwa sababu bakteria huzaana upya haraka iwapo chakula chao bado kimo ndani. Siku ya tatu nilibadilisha asilimia 15, nikaweka kaboni mpya ya kuchujia, na siku ya nne asubuhi niliweza tena kuhesabu miiba ya jiwe la nyuma. Kangaja alipona. Tumbawe moja la matawi lilipoteza nyama kwenye ncha zake na halikurudi.

Sasa tuingie kwenye namna ya kutambua. Chota maji ya tangi kwa bilauri safi isiyo na rangi, iweke mbele ya karatasi nyeusi, mulika kwa tochi kutoka pembeni, kisha ngoja. Ukiona vitone vinapanda na maji yanatakata ndani ya dakika moja au mbili, hayo si maji machafu bali ni mapovu madogo yanayotoka kwenye skima, kwenye pampu inayovuta hewa, au kwenye maji yanayoanguka kwa nguvu kutoka ngazi moja hadi nyingine. Ukiona vumbi linashuka na kutuama chini ndani ya saa moja au mbili, hiyo ni chembe ya madini au mchanga. Mwaga maji ya juu polepole, dondoshea siki kwenye vumbi lililobaki. Likitoa mapovu na kuyeyuka, ni kalsiamu kaboneti, na lisipobadilika ni udongo au mchanga wa aina nyingine. Kipimo hiki hakitakwambia kama kaboneti hiyo imetoka kwenye mchanga mpya wa matumbawe au imejitenga kutoka kwenye maji yenyewe, na hapo itabidi uangalie kumbukumbu zako za ualkali, yaani uwezo wa maji kupokea asidi bila kubadilika haraka, na za pH, yaani kipimo cha uasidi. Ikiwa baada ya saa kadhaa bilauri bado ina ukungu uleule, bila kupanda wala kushuka, wewe una bakteria. Ukungu ukiwa na rangi ya kijani, ni mwani mdogo unaoelea, na maji yakiwa manjano lakini yanaangaza, hayo ni mabaki ya viumbe yaliyoyeyuka, ambayo kaboni nzuri huyaondoa ndani ya siku chache.

Wengi hudhani weupe wa bakteria ni dalili kwamba tangi linakomaa, yaani wale bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti na nitriti kuwa nitrati wameongezeka. Si hao. Wale wanaofanya kazi hiyo hukua polepole na hujishikiza kwenye mawe, kwenye mchanga na kwenye kuta za vyombo, ndiyo maana tangi jipya huchukua wiki tatu hadi sita kukamilisha mzunguko wake. Wanaofanya maji yawe meupe ni walaji wa mabaki, na hao huongezeka kwa sababu kuna kitu wanakila. Kitu hicho kinaweza kuwa dozi kubwa kama yangu, chakula kilichogandishwa kinachotiwa pamoja na maji yake bila kusuuzwa, kiti cha pweza aliyefia nyuma ya mawe, au sifongo zilizooza kwenye jiwe lililosafirishwa nje ya maji. Umeme ukikatika kwa muda wa saa sita au nane, jambo ambalo wengi wetu tunalijua vizuri, viumbe wadogo waliomo kwenye mchanga hufa kwa kukosa oksijeni, na weupe huonekana siku moja au mbili baada ya umeme kurudi, wakati mwenye tangi ameshasahau. Nasisitiza, kila mwenye tangi la matumbawe katika miji yetu awe na pampu ya hewa ya betri inayojiwasha umeme unapokatika. Hakuna kifaa cha bei ndogo kinachookoa zaidi ya hicho.

Taa ya urujuanimno inasaidia sana dhidi ya bakteria na mwani unaoelea, lakini haifanyi lolote kwa chembe za madini. Soksi ya chujio yenye matundu madogo ni kinyume chake: hushika chembe, huku bakteria mmoja mmoja wakipita bila shida. Kununua kimoja kwa ajili ya kazi ya kingine ni kupoteza fedha.

Karibuni kwa maswali. Naomba kila anayeuliza aeleze ukubwa wa tangi, umri wake, chanzo cha maji, na kilichofanyika siku tatu kabla ya maji kubadilika.

#2 Mchangiaji, Mombasa

Ndugu yangu, shukrani kwa kutufungulia mjadala huu kwa utulivu. Tangi langu ni la lita 250, lina mwaka mmoja na nusu, na natumia maji ya bahari yenyewe kwa sababu bahari iko karibu na chumvi ya dukani ni ghali. Tatizo langu ni kwamba kila ninapobadilisha maji, kiasi cha lita 50, maji hupata ukungu siku inayofuata na hukaa hivyo siku mbili au tatu. Mara ya mwisho nilichota siku ya bamvua, maji yakiwa yanatoka, kwa kuwa ndipo nilipopata nafasi. Nikayaweka kwenye madumu siku tano hadi Jumamosi. Yalipotoka kwenye dumu yalionekana masafi, ila yalikuwa na harufu kidogo. Je, nichuje kwa kitambaa, au niache kabisa maji ya bahari?

#3 Mwanzisha uzi

Ndugu, usiache maji ya bahari. Ni maji bora kuliko chumvi yoyote ya pakiti iwapo yatachotwa mahali pazuri na wakati mzuri, na wewe umetaja mwenyewe makosa mawili.

La kwanza ni wakati. Maji yanapotoka hubeba kila kitu kilichokuwa kwenye ghuba, kwenye mikoko na kwenye mifereji ya mji. Siku za bamvua mkondo una nguvu na huamsha tope la chini. Chota maji yakiwa yamejaa au yanakaribia kujaa, katika siku za maji mafu, na uchote mbali na mdomo wa mto. Hapa Dar es Salaam hakuna anayepaswa kuchota karibu na mdomo wa Msimbazi msimu wowote, na wakati wa masika mimi hupanda mashua hadi nje, au huvumilia na kutumia chumvi. Kwenu huko, mtu wa Malindi lazima auangalie Mto Sabaki pamoja na upepo, kwa sababu wakati wa kaskazi tope lake jekundu husukumwa kusini kuelekea kwenye miamba ya Malindi, na wakati wa kusi huelekea kaskazini, upande wa Ghuba ya Ungwana.

La pili ni dumu, na nadhani ndilo kubwa zaidi. Maji ya bahari yana uhai: viluwiluwi vya kaa na kamba, mayai ya samaki, mwani mdogo, bakteria. Ukiyafungia gizani kwenye joto la Mombasa bila hewa, vyote hivyo hufa na kuoza, na harufu uliyoisikia ndiyo mwanzo wa kuoza huko. Unapoyamimina kwenye tangi unamimina mchuzi, na siku inayofuata bakteria wameula na kuongezeka. Basi amua mojawapo. Ama uyachote na kuyatumia siku hiyohiyo, ukiyapitisha kwenye soksi ya chujio tu, au uyaweke wiki mbili au zaidi kwenye pipa lenye giza, pampu ikiyazungusha na hewa ikiingia muda wote, mpaka kilichotaka kufa kife, kioze na kitulie chini, kisha uvute maji ya juu na kuacha yale ya chini. Siku tano katika dumu lililofungwa ndizo mbaya kuliko zote.

Niongeze jambo ambalo si jibu la swali lako lakini linanigusa. Katika hifadhi ya samaki ya Monterey Bay, kule California, tangi lao kubwa la msitu wa mwani hupewa maji yaliyochujwa mchana ili watazamaji waone, na usiku huingiziwa maji ya bahari yasiyochujwa, ili viumbe wanaokula kwa kuchuja wapate riziki yao. Kwa hiyo uhai unaoelea kwenye maji si uchafu. Hugeuka uchafu unapokufa mikononi mwetu kwa uzembe wa kuhifadhi.

Tena, kwa kuwa ufuo uko karibu, usishawishike kuokota mawe hai au matumbawe ukiwa unachota maji. Matumbawe yote magumu yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, na jiwe lililotolewa baharini na kukaa juani kwenye ndoo huja na sifongo zilizokwisha kufa, ambazo zitakuletea weupe uleule unaoukimbia.

#4 Mchangiaji, Muscat

Assalaam alaykum wanajamvi. Mimi niko Muscat, tangi ni la lita 600, lina miaka minne, maji ni ya chumvi ya pakiti yaliyochanganywa na maji yaliyosafishwa kwa mashine. Wakati wa joto kiyoyozi hukausha hewa na tangi hupoteza karibu lita 9 kwa siku, kwa hiyo maji ya kujazia nimeyachanganya na chokaa, yaani hidroksidi ya kalsiamu, ili kalsiamu na ualkali virudi pamoja na maji. Jana konokono alipanda kwenye boya la kujazia, lile linalofungulia maji usawa unaposhuka, akalikandamiza chini, na lita 10 za maji ya chokaa zikaingia kabla sijaamka. Niliamka nikakuta tangi jeupe kama maziwa ya unga, na vumbi jeupe juu ya hita na juu ya pampu. pH ilikuwa 8.9. Ualkali, ambao wiki iliyopita ulikuwa 8.5 dKH (digrii za kupimia ualkali), nilipima asubuhi nikapata 9.8, na jioni 6.9. Nimechanganyikiwa na namba hizi. Je, nibadilishe nusu ya maji? Na je, niurudishe ualkali leo?

#5 Mwanzisha uzi

Wa alaykum salaam, ndugu. Pole sana, lakini maelezo yako ni kamili na yanatosha kutoa jibu la uhakika: kalsiamu kaboneti imejitenga kutoka kwenye maji.

Maji ya bahari za joto kwa kawaida yanashika kalsiamu na kaboneti nyingi kuliko yanavyostahili kushika. Kinachoyazuia yasiziachie ni magnesiamu, ambayo baharini ni takriban miligramu 1,280 hadi 1,300 kwa lita. Punje ya kaboneti inapoanza kujengeka, magnesiamu huingia kwenye uso wake na kuuharibu mpangilio, na punje husimama. Kizuizi hicho kina kikomo. Maji ya chokaa yaliyoshiba yana pH ya 12 na zaidi, na yalipoingia lita 10 kwa mfululizo, sehemu kubwa ya ualkali wa kawaida iligeuka kuwa kaboneti mahali maji hayo yalipoangukia, punje zikazaliwa nyingi kuliko magnesiamu ilivyoweza kuzifunika, na zikaendelea kukua zenyewe. Hita hushika zaidi kwa sababu kaboneti hiyo, tofauti na chumvi nyingi, huyeyuka kwa shida zaidi joto linapopanda.

Kuhusu namba zako, kipimo cha asubuhi kilidanganya. Kipimo cha ualkali hufanya kazi kwa kudondosha asidi, na asidi huyeyusha punje zinazoelea kwenye sampuli na kuzihesabu kama ualkali uliomo ndani ya maji. Jioni punje zilikuwa zimetuama, na 6.9 ndiyo hali yako ya kweli. Kila mtu ambaye maji yake ni meupe kwa sababu hii aiache sampuli ituame, au aichuje kwa karatasi ya kuchujia kahawa, kabla ya kupima. Tarajia kalsiamu nayo kuwa imeshuka, kwa kuwa kila digrii moja ya dKH inayopotea kwa njia hii huondoka na takriban miligramu 7 za kalsiamu kwa lita.

Usibadilishe nusu ya maji. Tangi lako limeshapata mshtuko mmoja wa pH, na maji mapya mengi yatakuwa mshtuko wa pili. Ongeza hewa, kwa kuwa hewa ya ukaa iliyomo ndani ya nyumba ndiyo itakayoishusha pH kwa upole, na kama pH bado iko juu ya 8.6 baada ya saa kadhaa, mimina maji ya soda yasiyo na sukari wala ladha kwenye tangi la chini, lile la vifaa, kidogo kidogo, huku ukipima. Siki nayo hushusha pH, lakini umeshasoma hapo juu kilichonipata. Ualkali usiuguse leo. Ngoja hadi maji yatakate kabisa na pH irudi kwenye 8.2 au 8.3, kisha upandishe si zaidi ya digrii moja kwa siku. Punje zikiwa bado zinaelea, kila unachoongeza kitashikamana nazo na kushuka pamoja nazo, na utakuwa unalisha theluji.

Vumbi lililotua kwenye matumbawe lipulize kwa maji ya pampu ndogo unayoishika mkononi. Pampu na hita zizamishe kwenye siki iliyochanganywa na maji, nje ya tangi, kwa saa chache, kisha uzisuuze.

Kwa kuzuia, boya moja halitoshi kamwe. Weka mawili, moja juu ya lingine, na wavu unaomzuia konokono, na zaidi ya yote hayo tumia pipa dogo la maji ya chokaa, lenye ujazo ambao hata likimwagika lote haliwezi kuipandisha pH kupita kiasi. Kwa tangi lako, lita 3 kwa wakati mmoja zingekuwa za salama zaidi kuliko pipa kubwa.

Kuna ndugu amenitumia ujumbe wa pembeni akiuliza kama anaweza kupandisha ualkali kwa magadi ya sokoni. Magadi ya mawe yanayotoka kwenye maziwa ya Bonde la Ufa, kama Natron na Magadi, yana floridi nyingi na mchanganyiko wa vitu vingine, na mimi siwezi kuyaweka kwenye tangi. Baikabonati ya sodiamu safi ya kuokea, isiyo na harufu wala unga mwingine ndani, inafaa. Ile poda ya kuokea (baking powder) iliyochanganywa tayari na asidi pamoja na wanga haifai. Iyeyushe kwenye maji yasiyo na chumvi na uitie polepole kwenye mkondo wenye nguvu, mbali na mahali na wakati unapotia kalsiamu, kwa sababu dozi hizo mbili zikikutana kabla hazijasambaa zitakuletea weupe huohuo kwa kiwango kidogo, kila siku, bila wewe kujua unatoka wapi. Vivyo hivyo unapochanganya chumvi ya pakiti: tia chumvi kwenye maji yanayozunguka, usimimine maji juu ya lundo la chumvi.

#6 Mchangiaji, Arusha

Habari zenu. Mimi ni mgeni katika jambo hili, tangi langu ni la lita 120 na lina siku tisa tu. Halina samaki bado. Niliweka mchanga wa matumbawe bila kuuosha kwa kuwa pakiti ilisema hauhitaji kuoshwa, maji yakawa kama uji. Siku ya pili nilitia dawa ya kusafisha maji, yakatakata. Siku ya sita ukungu mwepesi umerudi na haupungui, na kwenye bilauri haushuki. Nimeambiwa nitie dawa tena.

#7 Mwanzisha uzi

Karibu sana dada, na hongera kwa kusubiri kabla ya kununua samaki. Usitie dawa tena. Weupe wako wa kwanza ulikuwa vumbi la mchanga, na ungetua wenyewe kwa siku moja au mbili ukiweka soksi ya chujio. Wa pili ni bakteria, wanaokula kilichokufa ndani ya tangi lako, na kwa kuwa hakuna samaki wa kukosa pumzi, huna la kufanya zaidi ya kuacha pampu ziendelee na kupima amonia kila baada ya siku mbili. Dawa hizo hukusanya chembe ziwe madonge, na madonge hayo hubaki kwenye mchanga au kwenye nyama ya matumbawe yasipotolewa. Siku nyingine osha mchanga kwenye ndoo hadi maji yanayomwagika yawe unaona kidole chako chini yake, haidhuru pakiti imeandika nini.

#8 Mchangiaji, Muscat

Nawaletea mrejesho wa siku ya nne. Maji yametakata tangu juzi, pH ni 8.3, ualkali nimeufikisha 7.8 kwa mwendo wa taratibu, na kalsiamu niliikuta 395. Matumbawe laini yamefunguka yote, ila tumbawe moja gumu lina ukingo mweupe upande uliokuwa karibu na bomba la kujazia. Nimefunga boya la pili na wavu. Allah akulipe heri.

#9 Mchangiaji, Mombasa

Nami nina mrejesho, na swali. Nilifuata ushauri wa pipa: wiki mbili na nusu gizani, pampu na hewa muda wote, na chini lilibaki tope la kahawia unene wa kucha. Nilibadilisha lita 50 Jumapili na hakuna ukungu uliotokea kabisa. Lakini jana jioni, baada ya taa kuzimwa, maji yalianza kuwa na moshi mweupe ghafla. Nikachukua tochi kama ulivyoelekeza, nikaona konokono wawili wamepanda hadi karibu na uso wa maji, wamejiinua nusu ya mwili kutoka kwenye kioo, na kila baada ya sekunde chache wanatoa kitu kama uzi wa moshi unaosambaa. Je, niwatoe?

#10 Mwanzisha uzi

Waache, ndugu, wanazaliana, na wamekupa dalili kwamba maji yako yamewaridhisha. Washa skima na jiwe la hewa usiku kucha kwa tahadhari, kwa kuwa mbegu na mayai mengi yatakayokosa kuliwa yataoza kama kitu kingine chochote, na kesho usilishe, maana matumbawe yatakuwa yameshakula. Asubuhi bandika ukurasa wa gazeti nyuma ya kioo cha upande mmoja wa tangi na uusome kutoka upande wa pili, ukipitisha macho kwenye urefu wote wa maji. Mimi hufanya hivyo kila Ijumaa na kuandika kwenye daftari ni maandishi ya ukubwa gani niliyoweza kuyasoma, kwa sababu macho huzoea ukungu unaoongezeka kidogo kidogo, lakini gazeti haliwezi kuzoea. Ukishindwa kusoma vichwa vya habari kufikia adhuhuri, chota bilauri na uniandikie hapa.

#11 Mchangiaji, Mombasa

Saa mbili asubuhi nimesoma hadi matangazo madogo ya vifo, urefu wa sentimita 90 za maji. Konokono wote wawili wamerudi chini ya jiwe.